Balbu ya Stoo

Isevya, Tabora
Jumamosi, saa tisa na nusu mchana

Mwanangu Gaspari,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utajibu, hata kama unasoma peke yako.

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuwaaga wanajumuiya. Nimekuambia siji kwa sababu kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Naanza na uongo huu mdogo kwa kuwa ndio wa mwisho niliokuambia, na nataka nirudi nyuma kuanzia hapo mpaka nifike kwenye ule mkubwa.

Habari za soksi, chandarua na dawa za tumbo sitaziandika. Wewe ni mtu mzima, na huko seminari watakuambia wenyewe kitanda kinatandikwaje. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako pamoja na kitu nilichokifunga kwenye kipande cha kitenge. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Unajua mimi shule yangu ni darasa la saba, kalamu naishika kama mwiko. Nikiruka huku na huku, nivumilie.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linakuchukua uende kuanza safari ya upadre. Unakwenda kwa sababu ya ndoto yangu. Gaspari, mimi sikuota ndoto ile.

Nimeandika. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi kukaa. Sasa nikueleze.

Ulipokuwa masomoni Dodoma, ndoo za asali zilianza kupotea stoo. Hilo unalijua. Nilimwita fundi akafunga kamera mbili dukani, zile nyeupe zinazoonekana na kila anayeingia, ambazo picha zake ziko kwenye televisheni ya juu ya kaunta. Usilolijua ni kwamba alileta na ya tatu. Hiyo ina umbo la balbu. Inafungwa kwenye holda kama balbu, inawaka kama balbu, lakini ina jicho ndani. Akaifunga stoo, akaiunganisha na kale kaboksi ketu ka intaneti.

"Mama, hii hakuna atakayejua kama ni kamera," akaniambia. "Na zote tatu nakuwekea kwenye simu. Hata ukiwa Kigoma, mradi una bando, unaliona duka lako kama umesimama mlangoni."

Akapiga picha kale kamraba kenye madoadoa kwenye boksi, akaniambia nichague namba ya siri, na duka langu likatokea kiganjani. Niliona meza, niliona mizani, nilimwona Mzee Hamisi wetu wa dukani anajikuna mgongo kwa mwiko wa kukorogea asali. Tulicheka mpaka machozi.

"Nimuunganishe na kijana wako akirudi?" fundi akauliza.

"Hapana. Yangu inatosha."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na wala sikuhisi kitu. Mwizi hakutokea tena. Nadhani aliziogopa zile mbili za mbele. Ningeweza kuitoa ile ya stoo siku hiyo hiyo. Sikuitoa. Ilikuwa tamu, mwanangu. Nilikuwa naifungua nikiwa sokoni, nikiwa kwa shangazi yako Kigwa, hata nikiwa kwenye foleni ya zahanati. Nilijiambia nalinda mali.

Kisha siku moja nilikwenda Sikonge kuchukua asali kwa warina asali. Nimekaa pale kwenye benchi nasubiri baiskeli zishuke na madumu, nikafungua simu, nikaona Mzee Hamisi ameacha ndoo ya kona ya stoo wazi na nyuki wameanza kuizunguka. Nikampigia.

"Mzee Hamisi, funika ndoo ya kona."

Kisha nikamwona kwenye simu anageuka polepole kuiangalia ndoo, halafu anatazama mlango, halafu anatazama juu.

"Mama Gaspa, wewe uko wapi?"

"Sikonge."

"Subhanallah! Umejuaje?"

Nikamjibu kwa utani, "Mungu ndiye anayenifunulia." Nilikusudia kumwambia nikirudi. Niliporudi nikakuta ameshawasimulia wateja watatu, na wanaulizana kwa hofu na furaha, na mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kushikwa mkono hivyo. Kwenye jumuiya mimi ni yule wa kukaa nyuma karibu na mlango, wa kuosha vikombe. Kusoma somo sipewi kwa kuwa najikwaa kwenye maneno marefu. Sasa mtu ananishika mkono kama kitu cha kanisani. Nikanyamaza.

Ukishanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili huna pa kuanzia.

Baada ya hapo alikuja Mama Sesilia, yule wa jumuiya yetu, kununua asali. Mimi nilikuwa nyumbani. Mzee Hamisi akamwambia aingie stoo akachague ndoo mwenyewe, naye alipofika kule akakaa juu ya pipa akalia, halafu akafuta uso kwa kanga akatoka kama hana neno. Niliyaona yote. Jioni nikamwendea nikamwambia, "Mama Sesilia, katika sala zangu leo nimekuona unalia." Aliniangukia kifuani akanieleza ya nyumbani kwake yote, mambo ambayo hata dada yake hayajui. Nilisali naye, na nilisali kweli, hilo sikudanganya. Lakini mlango wa moyo wake niliufungua kwa ufunguo wa wizi.

Wakaanza kusema Mama Gaspari ana karama. Wakanitoa mlangoni wakanipa kiti cha mbele. Watu wakaja nyumbani kuombewa, ukawakuta barazani uliporudi kutoka masomoni. Uliniuliza, "Mama, mambo haya yalianza lini?" Nikakujibu kwamba Mungu hana miadi. Nilijisikia vizuri nilipolisema neno lile. Leo nikilikumbuka nataka kujificha chini ya kitanda.

Sasa ile Ijumaa ya Kwaresima, mwaka jana.

Nilikuwa Kigwa, tumemaliza matanga ya mume wa shangazi yako. Saa tisa mchana watu wamelala kwenye mikeka. Nikafungua simu. Ulikuwa stoo peke yako. Kwanza ulichovya kidole kwenye ndoo ukalamba, mara mbili, nikacheka kwa sababu unawakataza wengine. Halafu ukafunga mlango kwa komeo. Ukapiga magoti katikati ya mapipa yale ya bluu, ukainua mikono.

Gaspari, pale pale nilitakiwa kuzima. Mtu amefunga mlango ili aongee na Mungu wake, na mimi niko ndani juu ya kichwa chake. Sikuzima. Nilisogeza simu karibu na uso. Sauti haikuwepo, niliona midomo tu inacheza. Mtandao wa Kigwa unaujua, picha ikakwama. Ukabaki hivyo hivyo kwenye kioo, mikono juu, muda mrefu, na mimi nalia kwa furaha. Picha iliporudi ulikuwa umekaa chini unafuta uso kwa shati. Kwa hiyo hata sijui mikono uliinua kwa muda gani. Labda dakika moja. Huko kukaa muda mrefu kulikuwa kwa mtandao.

Na ule mwanga niliokuja kukusimulia. Ni lile bati la plastiki tulilolipachika darini ili stoo isiwe na giza. Jua la saa tisa hupita hapo, na kamera huliongeza likawa jeupe kama shuka.

Jumapili tumekaa kula. Nilitaka tu kukugusa moyo. Nilitaka uniangalie kama wanavyoniangalia wengine. Nikasema, "Mwanangu, juzi nimeota. Nimekuona umepiga magoti katikati ya mapipa ya bluu, umeinua mikono, na mwanga unakushukia."

Uliliacha tonge kwenye sahani.

"Umesema mapipa?"

"Mapipa ya bluu."

"Mama, nani amekuambia?"

"Nani aniambie, na mimi nilikuwa Kigwa?"

Ukainamisha kichwa. Nilidhani utacheka. Ukasema, kwa sauti ndogo kama ulipokuwa mtoto mwenye homa, "Nilikuwa namwuliza Mungu kama ananitaka kwenye upadre au nimwoe Adela. Nikamwambia, kama unanitaka, mwonyeshe mtu mmoja ambaye sijamwambia."

Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nililitafuna. Kulikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: "Hapana, baba, ilikuwa kamera." Nililitafuna lile tonge mpaka likawa maji, nikalimeza, nikasema, "Mungu ni mkuu." Neno lile ni la kweli popote unapolisema, ndiyo maana mtu mwongo analipenda.

Siku zilizofuata nilijitetea kwa kila namna. Nilijiambia Mungu aliyetumia punda kusema na nabii anaweza kutumia balbu. Nilijiambia ni nani aliyenifanya niifungue simu saa ile ile? Na sijui, mwanangu. Huenda ni kweli. Sina elimu ya kulijibu hilo. Lakini kama alikuwa Mungu, angehitaji mimi nifiche? Hapo ndipo utetezi wangu unapovunjika kila mara.

Na nikuambie lililo baya zaidi. Nilifurahi. Niliona nimekaa benchi la mbele siku ya upadrisho wako, nimevaa kitenge kipya, na Askofu ananipa mkono. Mtoto wa mwanamke wa darasa la saba. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi.

Kisha Adela akaja. Wewe ulikuwa umekwenda benki. Alitoka Bukene na treni, bado amevaa nguo zake za kufundishia, chaki kwenye mkono wa gauni. Alipiga goti akanisalimu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alisimama kaunta anazungushazungusha kifuniko cha chupa. Akasema, "Gaspari ameniambia ulichoonyeshwa. Nimekuja tu kukuaga. Angekuwa mwanamke mwingine ningepigania, mama. Mimi na Mungu siwezi kushindana."

Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Nikamfungia asali. Alikataa kuichukua. Alipotoka niliona kwenye televisheni ya kaunta jinsi anavyovuka barabara bila kuangalia, pikipiki ikamkwepa. Hata hapo sikumkimbilia.

Na wewe usiku ule hukulala, kesho yake ukajifungia stoo ukalia. Naam, hilo nalo nililiona. Jioni nikakupikia wali na kuku, ukaniuliza, "Mama umejuaje kama leo nina huzuni?" Nikakupapasa kichwa. Unaona nilivyokuwa? Hata huruma yangu kwako ilikuwa imeibwa.

Nilikwenda kuungama Pasaka ile. Nikataja hasira, nikataja uvivu wa sala, nikataja kumsema jirani. Hili nikalipita kama mtu anavyopita mlango wa anayemdai. Nikainuka nikapokea Komunyo. Tangu siku hiyo Komunyo ina ladha ya karatasi kinywani mwangu, na nimeendelea kuipokea kwa sababu watu wa kiti cha mbele wanatazamwa.

Aliyenivunja ni Mzee Hamisi. Unakumbuka wiki iliyopita umeme ulivyokatika siku tatu. Tulikuwa tunachuja asali, mimi nashika kitambaa, yeye anamimina. Akasema bila kuniangalia:

"Mama Gaspa, nikuulize kitu, kama mtu mzima mwenzio?"

"Uliza."

"Mbona umeme ukikatika hufunuliwi?"

Nikakaza kitambaa.

"Mwezi wa tatu ulikatika, ukakaa kimya. Juzi umekatika, umekaa kimya. Ukirudi tu, unaona mambo. Huyu malaika wako anataka luku?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikataka kukasirika, nikashindwa. Asali ilikuwa inamwagika nje ya kitambaa na hakuna aliyeikinga. Akaiweka ndoo chini.

"Ile balbu ya stoo nimeifuta vumbi mwaka mzima," akasema. "Balbu gani inageuka kunitazama? Mimi nimezeeka, sijapofuka. Nilinyamaza kwa sababu ni duka lako, na nilidhani ni mchezo wa kina mama. Lakini mtoto anakwenda. Dini yetu si moja, lakini huyu nimemfundisha kurina asali mimi. Usimtwishe mtoto mzigo asiojua una nini ndani."

Kuna jambo alinisimulia bibi mzaa baba yako, na sijawahi kukueleza. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba nta kutoka huku kwetu hadi pwani, miezi kwa miezi. Bibi alisema wale watu walikuwa hawakubali mzigo uliokwisha kufungwa. Walitaka ufungwe mbele ya macho yao, waone kinachoingia, waunyanyue, waushushe, ndipo wakubali kuuweka begani. Kama mwenye mali alikuja na furushi limeshonwa tayari, walikaa chini. Bibi alikuwa akicheka akisimulia: matajiri wakubwa wa misafara wamesimama juani, wanawabembeleza watu waliokaa chini. Mimi nilikuwa nacheka naye. Sikujua kama siku moja nitakuja na furushi lililoshonwa, tena kwa mwanangu.

Basi, leo nalifungua mbele yako.

Sikuandikii ili usiende. Wala sikuandikii ili umrudie Adela. Sina tena haki ya kukuelekeza upande wowote, na nikijaribu, nakuomba usinisikilize. Tangu utotoni ulikuwa unasema Misa juu ya ndoo iliyofunikwa, na biskuti, na mimi ndiye niliyekuwa waumini wote. Hilo ni kweli na halikutoka kwenye kamera. Kupiga kwako magoti ni kweli. Kilichokuwa cha uongo ni jibu tu. Swali lako ulilouliza siku ile, Gaspari, mimi nililijibu kwa sauti isiyo yangu. Huenda Mwenyewe alikuwa bado hajajibu.

Kama utakuwa padre, watu watakuletea siri zao kwa hiari, watapiga magoti wenyewe. Nimefikiri sana juu ya hilo wiki hii. Mimi nilizichukua bila kupewa, na nimejifunza kitu kimoja tu, nacho si kikubwa: nikijua jambo la mtu, nimwambie nimelijuaje. Ningeanza hivyo na ile ndoo ya kona, leo ungekuwa unafungasha au hufungashi kwa uamuzi wako mwenyewe.

Mama Sesilia nimemweleza jana. Akasema, "Kwa hiyo uliniona nalia ukakaa tu nyumbani unaniangalia?" Aliondoka bila kuniaga, na kiti cha mbele nadhani kesho kitakuwa na mtu mwingine. Ndiyo maana wanajumuiya leo wanaweza kuwa wamekutazama kwa namna. Kama tayari umesikia kwao kabla ya kunisoma mimi, nisamehe na hilo, nilitakiwa kuanza na wewe. Niliogopa. Wewe ndiye ninayekuogopa kuliko wote.

Adela nimemwandikia karatasi fupi, nimeeleza nilichofanya tu, sikuongeza kitu. Itafika Bukene Jumatatu. Jumatano nitakwenda kuungama upya, na hii ndiyo itakuwa ya kwanza kutajwa.

Sasa fungua kitenge. Ndiyo yenyewe. Nilipanda kwenye pipa asubuhi ulipokwenda kunyoa, nikaizungusha ikatoka. Nimeshangaa ilivyo nyepesi. Ivunje, itupe, ufanye upendavyo. Kwenye simu nimefuta ile programu, na nimemwita Mzee Hamisi ashuhudie nikifuta, kwa sababu neno langu peke yake halitoshi tena.

Kesho nitaamka saa kumi nichemshe chai ya watu wawili. Ukija jikoni ukanisalimu "mwangaluka" kama kila asubuhi, nitaitikia. Ukipita mlango wa mbele bila kuniambia kitu, nitaelewa, na chai nitainywa yote. Ukipanda basi, nitajua safari hii ni wewe uliyepanda. Usipopanda, sanduku nitalifungua mimi, na hakuna mtu atakayekuuliza neno katika nyumba hii.

Stoo sijaweka balbu nyingine. Ufunguo uko kwenye msumari wake. Ukitaka kuuliza tena, ingia, funga kwa komeo. Mimi nitakuwa nimekaa jikoni, na simu yangu utaikuta imezimwa, juu ya meza, uipite ukienda.

Aliyekuzaa, na anayekuomba msamaha,
Mama yako